Jiko la mkaa, mafuta na mtoto wa wiki tano: uchambuzi wa kisa cha mkando usiku wa baridi Mbeya

Nilibishiwa hodi saa tatu kasoro usiku, katikati ya Julai. Nakaa pembezoni mwa jiji la Mbeya, upande wa Uyole, na mtaani wananijua kuwa ni nesi wa kliniki ya mama na mtoto, kwa hiyo hodi za usiku si ngeni kwangu. Mlangoni alisimama baba kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, koti la kazini bado mwilini.

"Dada, samahani, njoo umwone mtoto. Bibi amemaliza kumkanda, sasa amelegea na hataki titi."

Nakieleza kisa hiki kwa ruhusa ya familia na bila majina. Sikielezi ili mtu anyooshewe kidole. Kila aliyekuwa ndani ya chumba kile alikuwa anafanya jambo aliloambiwa ni jema kwa mtoto, na mmojawapo wa waliowaambia hivyo ni mimi.

Nilichokikuta

Ni chumba kimoja cha kupanga katika nyumba mpya: tofali za saruji, dari ya jipsamu, dirisha moja la vioo lililofungwa na kufunikwa pazia zito. Chini ya mlango lilikuwa limesokomezwa tambara kuzuia upepo, ikabidi baba ausukume mlango kwa bega. Joto lilinipiga usoni. Harufu ya dawa ya kuchua ilikuwa kali kiasi cha kunitoa machozi. Kwenye kona palikuwa na jiko la mkaa, makaa mekundu mazuri, moshi hakuna hata kidogo.

Mtoto, wa kike, wiki tano na siku kadhaa, alilazwa kitandani juu ya kitenge. Mwili wote uling'aa mafuta, na kifuani na mgongoni alikuwa amepakwa dawa ileile niliyoinusa. Nilimwinua mkono, nikauachia, ukaanguka kama kitambaa kilicholowa maji. Alikuwa anapumua, haraka. Nilipomsugua unyayo alifumbua macho, akatoa kilio chembamba, akanyamaza tena.

Bibi yake, mama mzaa baba, alikuja kutoka Njombe kumsaidia mkamwana wakati wa uzazi. Alikuwa kwenye kigoda karibu na jiko, kiganja kimebana paji la uso. Mama wa mtoto alikaa ukingoni mwa kitanda. Nilimuuliza mtoto amenyonya lini mara ya mwisho, akanijibu taratibu sana, kama mtu anayeamshwa usingizini, kisha akasema na yeye kichefuchefu kinamsumbua, kichwa kinamgonga tangu baada ya magharibi.

Hapo nikaacha kumwangalia mtoto peke yake. Watu watatu walikuwa wagonjwa, wote wa chumba kimoja, jioni moja. Mtu wa nne, aliyeingia kutoka kazini dakika chache zilizopita, alikuwa mzima kabisa.

Nililivuta lile tambara, nikafungua mlango na dirisha, nikamviringisha mtoto ndani ya blanketi na kuwaambia wote watoke. Bibi akagoma. "Mwanangu, baridi hii itamuua mtoto." Sikuwa hata nimemwamkia. Nikamwambia, "Mama, shikamoo nitakupa nje. Tutoke kwanza." Akatoka, akiyumba kidogo, ameshika ukuta.

Kibarazani tulimweka mtoto kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, blanketi mbili juu yao wawili. Baba akakimbilia bajaji. Njiani, upepo ukiingia pembeni mwa turubai, mtoto alianza kulia kwa sauti iliyojaa. Kilio kile kilinipa nguvu.

Kipimo kilichosema kila kitu ni sawa

Hospitalini joto lake lilikuwa nyuzi 36.2, chini kidogo ya kiwango cha kichanga, ambacho ni 36.5 hadi 37.5. Pumzi zilihesabiwa dakika nzima zikafika 64. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, kuanzia 60 ni kupumua kwa haraka. Kisha wakamfunga mguuni kile kipimo cha oksijeni chenye taa nyekundu. Kikaandika asilimia 97.

Nalikazia hili kwa sababu ndilo linaloweza kumrudisha mtoto nyumbani akiwa bado ana sumu mwilini. Kipimo kile hutumia mwanga na kusoma rangi ya damu. Hakijui kilichobebwa na damu. Mkaa unaoungua mahali penye hewa haba hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyochoma macho. Ikiingia mapafuni hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu iliyobeba sumu hiyo hubaki nyekundu, na kipimo cha kawaida huiona kama damu iliyoshiba oksijeni. Kwa hiyo 97 ile haikuwa na maana yoyote usiku ule.

Nilimweleza daktari habari ya jiko kabla ya habari ya mafuta, kabla ya mkando, kabla ya lolote. Hakusubiri. Aliwaweka mtoto na mama yake kwenye oksijeni, na bibi naye akaangaliwa. Mtu akiwa kwenye hewa ya kawaida, sumu hiyo huchukua takribani saa nne hadi sita kupungua nusu mwilini. Akivuta oksijeni tupu hupungua nusu kwa saa moja hadi moja na nusu hivi. Tofauti hiyo ndiyo iliyotupeleka hospitali badala ya kukaa kibarazani kungojea mtoto achangamke.

Kabla ya alfajiri alishika titi. Alibaki chini ya uangalizi siku iliyofuata, akaruhusiwa.

Tulichokishuku, na sababu

Bibi alidhani ni chango. Baba, kwa kuona mikono imelegea, alihofia degedege. Mama, nilikuja kujua baadaye, alikuwa akijilaumu kimyakimya kwa kumwachia mama mkwe amkande mtoto kwa nguvu, akiamini kuna kitu kimevunjika ndani.

Hofu ya mama haikuwa ya kupuuzwa. Kumnyoosha kichanga viungo kwa kuvuta kunaweza kumdhuru, hasa nyonga. Miguu ya mtoto mchanga hukaa imekunjwa kama ya chura kwa sababu ndivyo kiungo kinavyotakiwa kukomaa, na kuibana pamoja kisha kuivuta inyooke kunaweza kuutoa mfupa wa paja mahali pake. Daktari alimchunguza kiungo kimoja baada ya kingine. Mtoto aliyeumizwa mkono au mguu huwa hauchezeshi huo mmoja, na ukiugusa analia. Huyu alilegea mwili mzima sawasawa. Mikono ya bibi haikuwa na hatia.

Dawa ya kuchua niliishuku zaidi, na bado siiondoi kabisa kwenye kisa. Ilikuwa na kafuri na mentoli, imeandikwa kwenye kopo lenyewe, maandishi madogo chini. Ngozi ya kichanga ni nyembamba, hupitisha vitu, na kafuri ikiingia ndani ya kutosha huweza kumletea mtoto mtukutiko. Mentoli karibu na pua ya mtoto mdogo inaweza kumbana pumzi. Dawa za namna hii hazipakwi mtoto wa chini ya miaka miwili, si kifuani, si mgongoni, si unyayoni. Yaelekea iliongeza shida, maana wekundu ulikuwepo mgongoni mpaka asubuhi. Ila dawa ilipakwa mtoto tu. Haiwezi kumpa bibi maumivu ya kichwa wala mama yake kichefuchefu.

Lililobaki ni jiko. Wagonjwa wote walikuwa chumba kimoja. Hakuna aliyekuwa na homa. Kichwa, kichefuchefu, uzito wa akili, kulegea. Aliyekuwa nje hakuumwa, na walipotoka nje walianza kupata nafuu. Mtoto ndiye aliyezidiwa, na hilo nalo linaeleweka: mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kichanga mara 30 hadi 60. Ndani ya nusu saa ileile ya mkando, kwa udogo wake, alivuta hewa mbaya kwa kasi kuliko wote.

Desturi ilihama nyumba

Siku ya tatu nilikwenda kumwona bibi. "Kamwene," nikamwamkia kwa salamu ya kwao, akacheka, kisha akaniambia jambo lililokuwa linamkaba. "Nesi, mimi nimelea watoto saba. Wote niliwakanda moto ukiwa ndani. Huu mkaa niliuwasha nje, nikaungoja mpaka moshi ukaisha wote, ndipo nikauingiza. Nilikosea wapi?"

Sentensi yake ile ina mambo mawili, na yote mawili yanastahili jibu la heshima.

La kwanza ni moshi. Wengi wetu Nyanda za Juu Kusini tunapima usalama wa moto kwa moshi: ukiisha, moto umekuwa mwema. Lakini kaboni monoksidi haionekani, na haiishi moshi unapoisha. Makaa yaliyoiva, mekundu, yasiyotoa moshi, ndiyo yanayoimwaga chumbani bila kumshtua mtu. Moshi wa kuni angalau humkohoza mtu akafungua mlango.

La pili ni nyumba, na hapa bibi hakukosea, nyumba ndiyo iliyobadilika. Nilimwomba anieleze nyumba aliyolelea wanawe. Akaniambia ilikuwa ya nyasi, na hata walipoezeka bati baadaye, kati ya ukuta na paa palibaki mwanya ambao paka alipita. Moto mwingi uliwashwa jikoni, kijumba cha pembeni. Nyumba ile ilipumua. Sisemi moshi wake haukuwadhuru watoto, mafua na vikohozi vya kila mara tunavijua. Ila hewa ilipata pa kutokea. Leo bibi huyohuyo, na ujuzi uleule wa mikono, ameletwa kwenye chumba cha saruji chenye dari, vioo na tambara chini ya mlango. Tumemwita aje na desturi, tumempa chumba ambacho desturi hiyo haikukijua.

Halafu kuna sehemu yangu. Kila wiki kliniki huwa tunawaambia akina mama: mtunzeni mtoto joto. Ni kweli na ni lazima. Kichanga ana mwili mdogo wenye ngozi nyingi kulinganisha na uzito wake, hupoteza joto upesi, na huku kwetu kuanzia Juni hadi Agosti usiku hushuka chini ya nyuzi 10, Njombe na Makete mpaka majani yanaganda umande. Lakini mama yule alinikumbusha, bila kunilaumu, kuwa mimi ndiye niliyemwambia siku alipoletwa mtoto, "chumba kiwe na joto." Nilimwambia kiwe na joto. Sikumuuliza atalipata wapi. Sentensi ile nimeirudia kwa miaka, kwa mamia ya akina mama wanaoishi chumba kimoja na jiko moja.

Mkando haukufutwa

Baba alitaka bibi aache kabisa kumkanda mtoto. Nilimpinga. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 kuhusu huduma baada ya kujifungua yanasema mkando mwepesi wa mwili mzima unaweza kufikiriwa kwa mtoto aliyezaliwa miezi ikiwa imetimia na mwenye afya, kwa faida inayoweza kupatikana katika ukuaji wake. Zaidi ya hapo, nimeiona mikono ya bibi yule ikifanya kazi mchana, na mtoto akimtazama bila kupepesa. Kitu kile hakistahili kutupwa kwa kosa la jiko.

Kwa hiyo tulikaa, mimi, bibi, na mama wa mtoto, tukaupanga upya.

Saa ilibadilika kwanza. Badala ya jioni baada ya kuoga, mkando sasa ni kati ya saa sita na saa tisa mchana, jua likiwa limepasha ukuta, mkeka sakafuni penye mwanga wa dirisha. Sakafuni na si kitandani, kwa sababu mtoto aliyepakwa mafuta huteleza kama kambare, na kabla ya kumwinua anafutwa kwanza. Dakika tano hadi kumi, basi. Hafunuliwi mwili wote kwa pamoja: mguu mmoja unatoka, unakandwa, unafunikwa, ndipo wa pili unatoka. Bibi alilipenda hili kuliko yote, akasema ni kama kumenya viazi, hutoi vyote gunia zima.

Siku za baridi kali jiko linapasha chumba kikiwa hakina mtu, mlango wazi, kisha linatolewa nje kabisa, hewa inapita, ndipo mtoto anaingia. Nguo zake zinapashwa kwa kuviringishwa kwenye chupa ya maji ya moto, chupa inaondolewa, anavishwa. Usiku joto lake ni kifua cha mama. Hakuna jiko usiku. Hilo sikulijadili na mtu.

Mafuta yalitukalisha kidogo. Bibi alikuja nayo ya alizeti ndani ya chupa ya maji, na alikuwa akiyapasha kwenye kikombe cha bati pembeni mwa makaa, kisha anapima kwa kiganja. Nilimwomba afanye kama kawaida yake nione. Alichovya kiganja, akasema, "Bado vuguvugu tu." Nikachovya sehemu ya ndani ya mkono wangu, chini ya kiwiko, nikautoa haraka. Tukakitazama kiganja chake pamoja: sugu za jembe za zaidi ya miaka 50, ngumu kama ukoko. Kiganja kile hakiwezi tena kumsemea mtoto. Sasa mafuta hayaendi motoni. Chupa inawekwa kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, na anayepima ni mama, kwa ndani ya mkono.

Yawe mafuta gani? Jibu langu ni kidogo, masafi, yasiyo na manukato, kiasi cha kuwezesha mkono uteleze. Hapa kwetu nimeona alizeti, nazi, mise (mafuta ya kiini cha mbegu ya mchikichi), na siku hizi ya parachichi. Mapendekezo yaleyale ya 2022 hayashauri kumpaka kichanga mwenye afya mafuta kila siku kwa kudhani yanamkinga na magonjwa ya ngozi, na watafiti wa Manchester, Uingereza, waliolinganisha vichanga waliopakwa mafuta ya zeituni au alizeti na wasiopakwa, waliona kinga ya asili ya ngozi haikukomaa vizuri kwa waliopakwa. Kwa hiyo sina mafuta ya kuyasifia. Mikono ndiyo inayofanya kazi. Kopo la dawa ya kuchua bibi alilichukua mwenyewe, akasema atalitumia kwa magoti yake, na hapo ndipo mahali pake.

Mengine nitayapitia haraka, maana hayakuwa chanzo, ila niliyaona. Bibi alikuwa akikikamua kipele cha bega la kulia akidhani ni jipu. Ni alama ya chanjo ya kifua kikuu, huvimba, huweza kutoa usaha wiki kadhaa baada ya kuzaliwa, na hupona yenyewe: usikibonyeze, usikipake chochote. Matiti ya mtoto yakivimba au kutoa maziwa pia hayakamuliwi. Ni homoni za mama, zitaisha, na kukamua huleta jipu la kweli. Utosi haukandwi. Tumbo linaguswa kitovu kikishapona, kwa kuzunguka upande wa mshale wa saa, mkono mwepesi, na si mara tu baada ya kunyonya: nusu saa au zaidi ipite, maziwa yatulie. Mtoto akiwa na homa, ngozi ikiwa na vidonda, au akigeuza uso na kukunja mwili kuonyesha hataki, siku hiyo mnaacha.

Niliwaambia pia dalili za kuondoka nazo nyumbani bila kujadiliana: mtoto haamki kunyonya, amelegea, anatukutika, mbavu zinazama akipumua, au watu wawili na zaidi wa chumba kimoja wanaumwa kichwa pamoja. Kwa hiyo ya mwisho, nje kwanza, maswali baadaye. Na mkifika hospitali neno la kwanza midomoni liwe "jiko".

Wiki iliyofuata mtoto alitimiza wiki sita, akaletwa kliniki kwa chanjo. Bibi ndiye aliyembeba. Sindano zilipochomwa mapajani mtoto alilia sana, na nikauona mkono wa bibi ukienda wenyewe kwenye paja, kidole gumba kikitafuta pa kusugua. Ukasimama hewani. Akanitazama.

"Na hapa je, nesi?"

"Hapo leo hapana, mama. Pasuguliwi."

Akaushusha mkono mpaka kwenye unyayo wa mtoto, akaufunika wote ndani ya kiganja chake, akakaa hivyo mpaka kilio kikapungua.